Maswali ya wanaoanza balei: plie, magoti, viatu na mengine yote mnayouliza

Haya ndo maswali yanayorudi kila watu wapya wakiingia klasi ya watu wazima, mengine wanauliza kwa sauti, mengine wananong'ona pale wakati wa kuvaa viatu. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu studio, mpangilio sio mkali sana. Kama una haraka soma ya plie (stepu ya kukunja magoti) na ile ya magoti kuuma, ukishazielewa hizo mbili mengine yanafuata.

Nina miaka 30 na kitu, si nimeshachelewa?

Kwani unataka kufika wapi? Kama unataka ajira kwenye kampuni kubwa ya balei basi ndiyo, umechelewa, wale wanaanza wadogo kabisa na wanafanya karibu kila siku. Hata Misty Copeland wa Marekani aliyeanza na miaka 13 alionekana amechelewa, na bado mwaka 2015 akawa dansa mkuu wa American Ballet Theatre, mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kufika ngazi hiyo pale. Lakini kama unachotaka ni kujifunza stepu, mgongo unyooke, miguu iwe na nguvu na uweze kwenda na muziki, umri sio ishu kabisa. Tena mtu mzima ana faida yake, ukimwambia zungusha paja kutokea kwenye nyonga anakuelewa, mtoto wa miaka mitano muda huo anaangalia kunguru dirishani.

Mimi mnene halafu nimekakamaa, nikiinama hata vidole vya miguu sivigusi

Karibu, umeelezea nusu ya klasi. Kunyumbulika kunakuja kwa kufanya, sio tiketi ya kuingilia mlangoni. Na kuna watu wananyumbulika mpaka wanatisha lakini hawana nguvu ya kuushika huo mguu wakishaupandisha, hao kazi yao ni ngumu kuliko yako. Kuhusu unene sina la kusema zaidi ya kwamba plie haina saizi. Kama unajua una tatizo la goti, mgongo au presha mwambie ticha kabla hamjaanza, sio katikati ya kuruka.

Stepu gani najifunza kwanza?

Plie. Halafu plie tena. Nasema hivi na watu wanacheka wanadhani ni utani, wanataka pirueti (kuzunguka kwa mguu mmoja) wiki ya kwanza, kumbe hiyo pirueti yenyewe inaanza na plie na kuisha na plie, kuruka hivyo hivyo, releve (kunyanyua visigino ukasimama juu ya vidole) hivyo hivyo. Ukiwa na plie mbovu kila kitu juu yake kinayumba.

Ni kukunja magoti tu, ndiyo, ila angalia inavyofanyika. Umesimama visigino vimegusana, vidole vimeelekea nje. Uzito umegawanyika sehemu tatu za unyayo: chini ya kidole gumba, chini ya kidole kidogo, na kisigino. Unakunja magoti taratibu na magoti yanaenda kule kule vidole vilikoelekea, sio mbele, sio kuangukia ndani. Mgongo unashuka wima kama vile nyuma yako kuna ukuta, makalio hayabinuki nyuma na wala huyafinyi kuyaingiza ndani. Visigino havinyanyuki. Pale unapohisi kisigino kinataka kunyanyuka ndo mwisho wako wa leo, usiongeze hata kidogo. Hiyo ni plie ndogo. Plie kubwa unapitiliza mpaka chini, hapo visigino vinaruhusiwa kunyanyuka kidogo, isipokuwa kwenye pozisheni ya pili ambapo vinabaki chini mwanzo mwisho.

Kosa ambalo karibu kila mtu analifanya ni kukaa chini. Wanashuka, wanafika, wanapumzika, halafu wanajivuta juu. Plie haisimami. Unashuka kwa hesabu nne na unapanda kwa hesabu nne na hakuna sekunde ambayo mwili umelala, na wakati unashuka kichwa kinakuwa kama kinakwenda juu. Jaribu ukiwa umeshika kiti, fanya taratibu kabisa, utasikia mapaja kwa ndani yanawaka, hayo ndo tunayoyatafuta.

Baada ya hapo ni tandu. Kwenye video utaona wanaandika tendu, ila kutamka ni tandu. Mguu mmoja unabaki umesimama na mwingine unateleza sakafuni mpaka umenyooka wote na ncha ya vidole tu inagusa chini. Tazama mguu wako kwa karibu ukifanya hii: kisigino ndo kinaachia sakafu kwanza, halafu katikati ya unyayo, halafu ile sehemu nene iliyo chini ya vidole, mwisho vidole vinajinyoosha. Kurudi ni kinyume chake, vidole, sehemu nene, kisigino. Mguu unapangusa sakafu muda wote, kama hausikii sakafu ikikukwaruza basi umeunyanyua. Na usiuegemee ule mguu wa mbele, uzito wote uko kwenye uliosimama, mtu akija akaupiga teke hutakiwi hata kutikisika.

Tandu ikishakaa unaongeza nguvu mpaka mguu unaruka kidogo kutoka sakafuni, hiyo inaitwa degaje. Ukiongeza zaidi ukaurusha juu unakuwa batima kubwa. Unaona? Ni stepu ile ile inakua.

Hizo pozisheni tano ni zipi?

Ni namna tano za kusimama, zilipangwa Ufaransa karne ya 17 na anayetajwa ni Pierre Beauchamp, mwalimu wa dansi wa mfalme Louis wa 14. Ya kwanza visigino vimegusana. Ya pili ni ile ile ila miguu imeachana kama urefu wa unyayo mmoja na kitu. Ya tatu kisigino cha mbele kinakaa katikati ya mguu wa nyuma. Ya nne mguu mmoja uko mbele ya mwingine umeachia nafasi. Ya tano miguu imebanana, kisigino cha mbele kinagusa vidole vya nyuma.

Anayeanza afanye ya kwanza, ya pili na ya tatu, inatosha. Ya tano iacheni kwanza, naona watu wanaing'ang'ania kwa sababu ndo inaonekana ya kiballerina, matokeo yake goti la nyuma limekunjwa, makalio yametoka, sura imekunjamana, hapo kuna faida gani.

Mikono nayo ina pozisheni zake na kila shule inazihesabu tofauti kwahiyo usishangae video mbili zikikuambia namba mbili tofauti. Cha muhimu viwiko visidondoke na mabega yasipande masikioni.

Nikifanya magoti yanauma, ni kawaida?

Hapana. Na tisa kati ya kumi (nasema tu, sijapiga hesabu) tatizo ni hili: umefungua miguu kwa kulazimisha.

Ile kufungua miguu nje inatokea kwenye nyonga. Mfupa wa paja una kichwa cha duara kinachokaa kwenye kitundu cha nyonga, na ndani kabisa chini ya misuli mikubwa ya makalio kuna misuli midogo ambayo kazi yake ni kuuzungusha huo mfupa nje. Paja likizunguka, goti linafuata, mguu unafuata. Sasa mtu akiona picha ya dansa miguu imenyooka mstari mmoja kushoto na kulia, anachukua nyayo zake anazibandika sakafuni hivyo hivyo, halafu paja limegoma kule juu, kinachobaki katikati ni goti linasokotwa. Goti limeumbwa kwa ajili ya kukunja na kunyoosha, kusokotwa haliwezi. Kifundo nacho kinaanguka ndani, upinde wa unyayo unakufa, na baada ya miezi unakuja kuniuliza mbona naumwa.

Jipime hivi. Simama nyayo zimeelekea mbele, zimegusana, magoti yamenyooka. Uzito upeleke visiginoni, nyanyua vidole kidogo, halafu zungusha miguu yote miwili nje kwa kutumia makalio na mapaja, sio nyayo. Ikigoma, shusha vidole hapo hapo ilipogoma. Hiyo ndo pozisheni yako ya kwanza, ikubali. Watu wazima wengi wanapata V kama ya digrii 90 na inafanya kazi vizuri tu. Halafu fanya plie ndogo utazame chini: goti linatakiwa liwe juu ya kidole cha pili. Kama unaona kidole gumba kizima kiko nje na goti limeingia ndani, funga miguu mpaka vikae sawa.

Ukishafunga na bado linauma, acha, nenda kamwone daktari au mtaalamu wa viungo. Usipake dawa ya kuchua ukaendelea.

Mbona majina yote ya Kifaransa, hakuna ya kawaida?

Balei ilianza kwenye sherehe za watawala wa Italia, ikahamia Ufaransa, na 1661 Louis wa 14 akaanzisha chuo cha dansi Paris, ndo stepu zikaanza kuandikwa na kupewa majina kwa lugha yao. Ikabaki hivyo dunia nzima, Tokyo, Havana, Nairobi, ticha akisema plie kila mtu anajua cha kufanya. Usihangaike kukariri, utayashika kwa mwili kabla hujayashika kwa mdomo.

Klasi moja inakwendaje?

Nusu ya kwanza mko kwenye bare, lile bomba la kushikia lililofungwa ukutani au lile la kubebeka. Mnaanza na plie, tandu, degaje, halafu rondejambe ambayo mguu unachora nusu duara sakafuni, fondu ambapo mguu wa chini unayeyuka kwenye plie huku wa juu ukikunjwa, halafu yote miwili inanyooka pamoja, frape ambayo ni ya haraka na kali, mwisho batima kubwa. Mpangilio huo una sababu, mwili unapashwa moto kutoka polepole kwenda haraka, kutoka chini kwenda juu. Ukichelewa ukaingia moja kwa moja kwenye batima misuli ikiwa baridi ndo unachana nyuma ya paja, kwahiyo ticha akikukatalia kuingia umechelewa sio roho mbaya.

Nusu ya pili mnatoka katikati ya chumba bila cha kushika, na hapo ndo ukweli unajulikana. Tandu zile zile, kusawazisha, kuzunguka, kuruka kudogo, kuruka kukubwa mkikata chumba kutoka kona moja hadi nyingine. Mwisho kuna kuinama kidogo kumshukuru ticha na mpiga piano, au spika kama hamna piano, na mnapiga makofi. Wageni wanaona aibu kwenye hiyo sehemu, mtazoea.

Bare ishike kwa vidole, mkono umetua mbele kidogo ya mwili. Ukiing'ang'ania kama mlango wa daladala kwenye kona, ukija kuachia katikati utaanguka.

Nivae nini? Hela ya vifaa sina kwa sasa

Nguo inayobana kiasi cha ticha kuona goti na kiuno, basi. Leging na fulana ya kubana zinatosha, mtumba zimejaa. Nywele zifungwe, hereni ndefu na bangili zivuliwe.

Viatu vile laini vya kitambaa au ngozi ndo unavihitaji ukianza kuwa siriasi. Vinakaa mguuni kama soksi, hakuna kuacha nafasi ya kukulia, hata kwa mtoto, kwa sababu kiatu kikubwa kinajikunja chini ya vidole na kukuangusha. Soksi tupu kwenye vigae sitaki hata kusikia. Peku inawezekana mwanzoni. Kibera pale Nairobi watoto wamejifunza balei kwenye chumba cha darasa, madawati yamesogezwa pembeni, sakafu chakavu, hakuna bare wala kioo, na wengi wao walikuwa peku.

Na sisi tunaovaa stara?

Vaa suruali isiyo pana sana, fulana ya mikono mirefu yenye urefu wa kufunika makalio, na mtandio wa kubana au ile kofia ya kuogelea inayofunika shingo, usiwe na ncha inayoning'inia maana ukizunguka itakupiga machoni. Ticha atahitaji kuona goti na kifundo tu. Kuna klasi za wanawake peke yao pia, ulizia kabla. Na kama hupendi kushikwa wakati wa kurekebishwa sema mapema, ticha mzuri anaweza kurekebisha kwa maneno au kwa kukuonyesha kwenye mwili wake.

Rangi ya viatu na taiti lazima iwe pinki?

Pinki ile ilichaguliwa ili ifanane na ngozi ya dansa mzungu, mstari wa mguu uonekane umeendelea bila kukatika. Kwa mtu mweusi inafanya kinyume, inaukata mguu pale pale kiunoni. Dance Theatre of Harlem, kampuni aliyoianzisha Arthur Mitchell na Karel Shook New York mwaka 1969, walianza kuvaa taiti na viatu vya rangi ya ngozi zao miaka ya 1970. Kwa miongo mingi baada ya hapo madansa weusi walikuwa bado wanapaka viatu vyao faundesheni ya usoni, kwa sponji, jozi baada ya jozi, kwa hela yao. Mwaka 2018 watengeneza viatu Freed of London wakishirikiana na kampuni ya Ballet Black wakatoa viatu vya ncha (vile vya kusimamia vidole) vya rangi ya kahawia. Kwahiyo jibu: kama shule yako ina sare fuata sare, kama haina vaa rangi yako.

Naweza kujifunzia nyumbani kwa YouTube?

Unaweza kujifunza majina, mpangilio, muziki, na kurudia ulichofundishwa. Kurekebishwa huwezi, na balei nusu yake ni kurekebishwa. Wewe unahisi nyonga ziko sawa, kumbe moja imepanda, na video haikwambii kitu. Kama klasi iko mbali jirekodi kwa simu, iweke simu kwa mbele halafu kwa ubavu, uangalie magoti na mgongo, utashtuka.

Sakafu nayo muhimu. Studio zina sakafu ya mbao iliyonyanyuliwa kidogo, ukitua inabonyea. Nyumbani kwetu ni simenti au vigae juu ya simenti, hapo fanya bare peke yake, kuruka uache mpaka uende studio, usije ukaharibu magoti na ugoko kwa sababu ya mazoezi ya sebuleni. Bare yako ni kiti kizito au dirisha lenye fremu ya urefu wa kiunoni. Sinki la bafuni hapana, limeshawahi kung'oka kwa mtu ninayemjua.

Lini nitavaa vile viatu vya kusimamia ncha?

Swali pendwa. Mtoto, kawaida sio kabla ya miaka 11 au 12, na awe ameshafanya balei miaka kadhaa mfululizo, kwa sababu mifupa ya mguu bado inakua na kuibebesha mwili mzima kwenye eneo dogo vile mapema ni kuitafutia matatizo. Mtu mzima mifupa imeshakomaa, kinachotakiwa ni nguvu na ufundi, na hapo sikupi tarehe. Naangalia kama unapanda releve ya mguu mmoja mara nyingi mfululizo bila kuyumba na bila kifundo kupinda nje, kama unyayo unanyooka vya kutosha kusimama juu ya kile kiatu badala ya nyuma yake, kama tumbo linakushikilia. Wengine hawafiki na wanafurahia balei yao maisha yote kwa viatu laini, hakuna aliyepungukiwa.

Ndani hakuna mbao wala chuma kama watu wanavyoamini. Ile sehemu ngumu ya mbele ni tabaka za kitambaa na karatasi zilizogandishwa kwa gundi, na chini kuna kipande kigumu cha kushikilia upinde wa unyayo. Gundi ikilowa jasho inalainika, ndo maana dansa wa kulipwa anaweza kumaliza jozi nzima kwa shoo moja. Marie Taglioni aliyewashangaza watu Paris mwaka 1832 kwenye La Sylphide hakuwa nayo hiyo, alikuwa na kiatu laini cha satini kilichoshonwashonwa mbele kwa uzi, nguvu zote zilikuwa zake.

Usiagize jozi yako ya kwanza mtandaoni kwa kukisia saizi. Usipokee ya mtu, hata kama bado inaonekana mpya, imeshajikunja kwa mguu wake. Na usijaribu jikoni huku umeshika friji, naomba sana.

Nikizunguka naona kizunguzungu mpaka kichefuchefu

Kwenye sikio la ndani kuna maji, ukizunguka yanazunguka, ukisimama yenyewe yanaendelea kidogo, na ubongo unadhani bado unazunguka. Dawa yake ni macho. Bandika karatasi ukutani usawa wa macho. Iangalie. Anza kuzungusha mwili taratibu sana kwa vihatua vidogo na macho yabaki kwenye karatasi, shingo inageuka kidogo kidogo kadiri mwili unavyokwenda, mpaka inafika mahali haiwezi tena, hapo kichwa kinachapa haraka upande wa pili na kufika kwenye karatasi kabla ya mwili. Kichwa kinachelewa kuondoka na kinawahi kufika. Fanya hivyo bila kuruka bila mbwembwe, mikono mabegani, pande zote mbili, na ukihisi vibaya acha upumzike, usilazimishe siku moja.

Pirueti yenyewe ujenge kwa vipande. Kwanza simama kwa mguu mmoja kwenye releve, mguu wa pili umekunjwa ncha yake iko gotini, ukae hapo bila kuzunguka. Ukishindwa kukaa sekunde mbili umetulia, huwezi kuzunguka, utakuwa unaanguka kwa duara. Halafu robo, halafu nusu, halafu nzima. Nguvu inatoka kwenye plie ya kuanzia na kupanda moja kwa moja juu, wengi wanarusha mabega kama wanatupa jiwe na ndo kinachowapeleka mrama.

Mbona mimi nikiruka nasikika jirani wa chini?

Kwa sababu unatua na unyayo mzima. Ni ile tandu kinyume: ncha, sehemu nene, kisigino, halafu plie inameza kishindo. Kisigino lazima kiguse chini kila ukitua, ukiruka ruka juu ya vidole tu kigimbi kinakaza na kano ya kisigino inalalamika. Anza na sote (kuruka kudogo kwa miguu miwili) kwenye pozisheni ya kwanza, nane tu, usijali umbali wa kwenda juu, jali ukimya.

Muziki siwahi, nahesabu mpaka napotea

Karibu kila zoezi linakwenda kwa hesabu ya nane. Mapigo mengi ni ya mbili au ya tatu, ile ya tatu ni wolzi, moja-mbili-tatu, na hiyo moja ndo nzito. Kabla ya zoezi kuna muziki mfupi wa kujiandaa, tumia huo kusikia kasi badala ya kuvuta leging. Na kwenye tandu na frape mara nyingi hesabu inaangukia pale mguu unaporudi au unapofika, sikiliza ticha anapoweka mkazo wa sauti, anakuambia kitu.

Wanaume wanaruhusiwa? Sitaki kuchekwa

Louis wa 14 mwenyewe alicheza mwaka 1653 akiwa kijana wa miaka 14, alivaa kama jua, ndo jina la Mfalme Jua likamganda. Madansa wa kulipwa wa mwanzo kwenye jukwaa la Paris walikuwa wanaume. Arthur Mitchell alijiunga na New York City Ballet mwaka 1955 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupewa nafasi kubwa pale. Na hapa karibu kuna Joel Kioko, kijana aliyekulia Kuwinda, mtaa wa mabanda Nairobi, akasoma Dance Centre Kenya mpaka akapata nafasi English National Ballet School kule London. Anayecheka mwambie afanye batima kubwa 16 kila mguu bila goti kukunja, halafu mwendelee na mazungumzo.

Vaganova, RAD, Cecchetti, nichague ipi?

Chagua ticha mwenye macho. Hizo ni njia za kufundishia: Vaganova ni ya Kirusi, imetokana na Agrippina Vaganova aliyefundisha Leningrad, Cecchetti ni ya Mwitaliano Enrico Cecchetti, RAD ni Royal Academy of Dance iliyoanzia London 1920 na yenyewe ina mitihani ya ngazi kwa ngazi, hiyo ndo mtaikuta sana nchi zilizotawaliwa na Mwingereza. Kwa anayeanza tofauti ni ndogo, namba za mikono na kichwa kinaangalia wapi. Plie ni ile ile.

Niende mara ngapi kwa wiki, na lini nitaona mabadiliko?

Mara mbili ni nzuri, moja ni sawa kama siku nyingine unafanya dakika 15 nyumbani. Kusimama kwako kutabadilika kwanza, watu watakuuliza umepungua au umerefuka. Miguu inachukua miezi. Mguu kukaa juu kwenye arabeski (umesimama kwa mmoja, mwingine umenyooshwa nyuma) unachukua muda mrefu kuliko unavyotaka, na usiutafute kwa kuupinda mgongo au kufungua nyonga, arabeski ya chini iliyonyooka inapendeza kuliko ya juu iliyopinda kama tawi la mwembe.

Unyayo unanikaza katikati ya tandu mpaka nataka kulia

Hiyo kwa wanaoanza ni kawaida, misuli midogo ya chini ya unyayo haijawahi kufanya kazi hiyo, na wewe unavikunja vidole kama unaokota kitu badala ya kuvinyoosha virefu. Simama, bonyeza unyayo sakafuni, vuta vidole juu kwa mkono, ikiachia endelea. Nyumbani viringisha mpira mdogo chini ya unyayo ukiwa unaangalia tamthilia, kunywa maji. Ila maumivu ya kuchoma sehemu moja, uvimbe, au yanayokuamsha usiku sio kukaza huko, hayo yapeleke hospitali.

Kuna adabu gani za klasi nisije nikaaibika?

Fika dakika kumi kabla. Simu iwe kimya ndani ya begi, bigijii tema. Usikae kwenye bare mwishoni kabisa ukiwa mgeni, maana mkigeuka upande wa pili wewe ndo unakuwa wa mbele na hakuna wa kumwangalia, kaa katikati. Ticha akimrekebisha mwenzako sikiliza, jirekebishe na wewe. Mkikata chumba subiri kundi la mbele liachie hesabu nane au nne kama ulivyoambiwa, na ukikosea katikati ya njia usisimame, endelea kutembea mpaka mwisho utoke kwa pembeni, nyuma yako kuna mtu yuko hewani.